Sauti Imepotelea Njiani: Somo la Spika na Kompyuta

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo huonekana dogo sana mpaka siku ya semina yenyewe. Watu wamefika, wengine wametembea saa mbili, kompyuta iko mezani, picha inaonekana vizuri ukutani, lakini spika iko kimya kabisa. Au inanguruma kama lori linalopanda mlima. Hapo vijana watatu wanakimbia mbele kusaidia. Mmoja anachomoa waya, mwingine anazungusha vitufe vyote mpaka mwisho, wa tatu anasema ati spika hizi ni bandia. Baada ya nusu saa hakuna anayejua tena waya gani ulikuwa wapi. Mwezeshaji anaamua kupaza sauti kwa koo lake, na akina mama waliokaa nyuma, kwa kuwa hawasikii kitu, wanaanza kuongea habari zao za sokoni.

Wiki inayofuata kamati inakaa na kuandika: "Spika imeharibika, inunuliwe nyingine." Mimi hapo ndipo ninaposhtuka, kwa maana pesa hizo ni shilingi hamsini hamsini za wanachama. Katika kazi ya kutembelea vikundi nimekuta spika kadhaa zimefunikwa gunia kule stoo, na ukiziwasha kwa waya mzuri zinalia bila shida yoyote. Kilichokufa ni waya wa bei ya kilo mbili tatu za sukari. Au hakuna kilichokufa, ni kompyuta tu iliyokuwa inapeleka sauti mahali pengine.

Kwa hiyo msidhani hili ni somo la mafundi peke yao. Ni la mwenyekiti, karani na mweka hazina, na mtu yeyote anayetia sahihi pesa zitoke.

Kwanza, spika yenu ni ya aina gani?

Kuna spika za aina mbili. Ya kwanza haina nguvu yake yenyewe. Inangoja amplifaya iisukume. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta hutasikia kitu, au utasikia kama nzi ndani ya chupa. Ya pili ina amplifaya ndani yake. Utaitambua kwa sababu ina waya wa kwenda kwenye soketi ya stima (au betri yake ya kuchaji), ina swichi ya kuwasha, na ina taa ndogo. Somo hili ni la hii ya pili, kwa sababu ndiyo vikundi vingi vinanunua siku hizi.

Neno moja la tahadhari hapo. Msichukue waya unaotoka kwenye amplifaya ya zamani, ule uliokuwa unasukuma spika za aina ya kwanza, mkauchomeka kwenye spika yenye amplifaya ndani. Nguvu hiyo ni kubwa mno kwa tundu lile, na hapo ndipo spika huharibika kweli kweli.

Fuata njia ya sauti

Wale wa kwetu wenye miradi ya maji ya bomba wanaelewa haraka. Maji yakikosa kufika kwenye tangi, hamfukui bomba lote. Mnaenda mahali pa katikati, mnafungua. Yakiwapo hapo, basi chemchemi na nusu ya juu ni nzima, na shida iko chini. Yasipokuwapo, shida iko juu. Sauti nayo ina njia yake: inaanza kwenye video au wimbo, inapita kwenye programu inayoucheza, inapita kwenye mipangilio ya kompyuta, inatoka kwenye tundu, inapita kwenye waya, inaingia tundu la spika, inafika kwenye amplifaya, halafu ndipo mnaisikia.

Basi fungua katikati. Chomoa ule waya kwenye kompyuta, uuchomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni, au kwenye redio ndogo, na ucheze wimbo wowote. Spika ikilia, mjue spika ni nzima na waya ni mzima, na msiviguse tena. Shida iko kwenye kompyuta. Isipolia, fanya kinyume chake: chukua hedifoni za kawaida uzichomeke kwenye kompyuta. Ukisikia vizuri, kompyuta haina makosa, mtafute upande wa waya na spika. Majaribio mawili, dakika tatu, na tayari mmeondoa nusu ya lawama.

Sheria ni moja tu, na ni ngumu kuifuata wakati watu mia wanakuangalia: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, na kompyuta, na tundu kwa pamoja, hata sauti ikirudi hutajua iliyorudisha ni nini. Na semina ijayo mtarudi pale pale.

Ikiwa ni kompyuta

Angalia yale ya aibu kwanza. Alama ya spika iliyo pembeni ya kioo ina msalaba au mstari uliokatiza? Sauti imezimwa, iwashe. Halafu kumbuka kwamba programu inayocheza video ina kipimo chake cha sauti, tofauti na kile cha kompyuta. Kimoja kikiwa chini, cha pili hakisaidii kitu.

Kisa kinachowakuta wengi zaidi ni projekta. Ukiunganisha projekta kwa waya wa HDMI, waya ule unabeba picha na sauti pamoja. Mara nyingi kompyuta ikiona hivyo inafikiri unataka sauti iende kwenye projekta, inaiondoa kwenye spika bila kukuuliza. Projekta nyingi zina kispika kidogo tu, nyingine hazina kabisa. Ndiyo maana unasikia watu wakisema, "Jana usiku nilijaribu nyumbani ilikuwa sawa!" Ni kweli ilikuwa sawa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na projekta. Kwenye Windows 10 na Windows 11, bonyeza ile alama ya spika chini kulia, halafu bonyeza kishale kilicho karibu na mstari wa sauti. Yatatokea majina ya vifaa vyote ambavyo kompyuta inaweza kupelekea sauti. Chagua lile la spika au hedifoni, uache lile la projekta. Ukimaliza, funga programu ya video uifungue tena, kwa maana nyingine hung'ang'ania njia ya zamani.

Spika za Bluetooth zina hila kama hiyo. Spika nyingi zinashikana na kifaa kimoja kwa wakati, na ikiwa simu ya kijana fulani aliyekaa dirishani iliwahi kushikana nayo, huenda ikaikamata kabla ya kompyuta yako. Mwambieni azime Bluetooth yake. Tena kwa Bluetooth sauti huchelewa kidogo, midomo ya mtu kwenye video na maneno yake visiende pamoja. Kwa mafunzo mimi napendelea waya.

Kwa kompyuta kubwa za mezani, zile ambazo shule na vikundi vingi vilipewa kama msaada, angalia rangi za matundu ya nyuma. La kijani ndilo la kutoa sauti. La waridi ni la maikrofoni na la buluu ni la kuingiza sauti. Hayo mawili hayatoi kitu, hata uongeze vipi. Rangi hizi zilipangwa na watengenezaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na bado zinatumika.

Ikiwa ni waya au spika

Taa ya spika inawaka? Isipowaka, msiifungue bado. Jaribu soketi kwa taa au kwa chaja ya simu, kisha angalia fyuzi ndani ya plagi. Ikiwaka, tazama nyuma: spika nyingi zina matundu zaidi ya moja, na kitufe au swichi ya kuchagua. Pengine spika inasikiliza kadi ya kumbukumbu au redio wakati nyinyi mmechomeka waya. Pengine kila tundu lina kitufe chake cha kuongeza sauti, na mmeongeza cha jirani.

Waya wenyewe hufia mahali pamoja karibu siku zote: pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ndipo unapokunjwa. Cheza muziki polepole, uukunje taratibu pale kwenye shingo. Sauti ikienda na kurudi, waya huo umekufa. Msiufunge na plasta ati upate kumaliza mwaka. Fundi mwenye chuma cha kuunganishia risasi anaweza kuukata na kuweka pini mpya kama pini ile ni ya aina ya kufunguka. Zile zilizoyeyushiwa plastiki hazifai kurekebishwa, nunueni mwingine. Muwe na nyaya mbili siku zote. Hilo ndilo ghala lote la vipuri mnalohitaji.

Muziki unasikika, mwalimu hasikiki

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili. Kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walipata video nzuri juu ya ugonjwa wa kiwele. Waliunganisha kompyuta na spika kubwa moja waliyokuwa wamekodi. Muziki wa mwanzo ulisikika, ng'ombe walisikika, hata ndege. Lakini daktari wa mifugo alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Waliongeza sauti. Ng'ombe wakalia kwa nguvu zaidi, daktari akabaki kisimani. Fundi mmoja aliwaambia kadi ya sauti ya kompyuta imeungua na akataka shilingi elfu sita. Aliyewaokoa ni msichana wa sekondari, binti ya mwanachama, aliyechomeka hedifoni zake na kusema, "Mbona huku namsikia vizuri?"

Maneno hayo yalitosha. Kama kadi ingekuwa imeungua, hata kwenye hedifoni asingesikia.

Hebu chukua pini ya waya na uhesabu mikanda myeusi iliyozunguka chuma chake. Mkanda mmoja unagawa pini sehemu mbili: ncha na shina. Hiyo ni ya sauti moja. Mikanda miwili inaigawa sehemu tatu: ncha, pete na shina. Mikanda mitatu ni ya simu, kwa sababu imeongezewa njia ya maikrofoni. Pini hizi ni za kale sana. Ile kubwa ya milimita 6.35 ilitoka kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, pale ambapo wafanyakazi walikuwa wakichomeka nyaya kwa mkono kuwaunganisha watu.

Kwenye kompyuta, ncha inabeba sauti ya kushoto, pete inabeba sauti ya kulia, na shina ni njia ya kurudi ya zote mbili. Sawa. Lakini spika kubwa za ukumbini mara nyingi zina tundu lenye maana nyingine kabisa, ingawa pini inaingia bila shida. Tundu hilo linatarajia sauti moja tu iliyoandikwa mara mbili: kwenye ncha ilivyo, na kwenye pete ikiwa imepinduliwa, juu kuwa chini. Spika inachukua ya ncha na kutoa ya pete. Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu waya mrefu unapopita ukumbini unaokota kelele za stima njiani. Kelele hiyo inaingia kwenye nyaya zote mbili kwa namna moja, bila kupinduliwa, basi spika inapotoa moja kwa nyingine, kelele inajiua yenyewe na sauti inabaki. Ni akili kubwa sana.

Sasa angalia kilichowapata wafugaji wetu. Walitumia waya wenye mikanda miwili kila upande. Kompyuta ikapeleka kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Spika, kwa kufuata kazi yake, ikatoa ya kulia kwenye ya kushoto. Muziki mara nyingi hutofautiana kushoto na kulia, hivyo ulibaki. Lakini sauti ya mtu anayesema huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili. Cha kushoto ukitoa cha kulia kilicho sawa nacho, unabaki na sifuri. Spika ilimwona daktari kama kelele ya stima ikamfuta.

Dawa yake ni waya wa miguu miwili. Upande wa kompyuta uwe na pini ndogo ya mikanda miwili. Upande wa pili uwe na pini mbili kubwa, kila moja na mkanda mmoja. Mkiwa na spika mbili, kila spika ipate mguu wake. Mkiwa na spika moja, chomekeni mguu mmoja tu, kisha muambie kompyuta ichanganye kushoto na kulia viwe kitu kimoja. Kwenye Windows 10 na Windows 11 fungua mipangilio, andika neno mono katika sehemu ya kutafutia, itatokea "Mono audio", iwashe. Hivyo hampotezi kitu. Lakini msichomeke pini ya mkanda mmoja upande wa kompyuta, kwa maana shina lake litagusana na njia ya kulia na kuifunga.

Dalili hiyo hiyo huja kwa sababu mbili nyingine, zijueni kabla ya kwenda dukani. Ya kwanza, pini haijaingia mpaka mwisho, labda kwa sababu ya kava la simu au vumbi ndani ya tundu. Ya pili, waya wa shina umekatika ndani. Kwa hiyo sukuma pini kwanza, jaribu waya mwingine wa pili, halafu ndipo ufikirie habari za ncha na pete. Na spika zenye yale matundu mawili ya nyekundu na nyeupe, au tundu dogo lililoandikwa AUX, hazina shida hii ya kutoa kulia kwenye kushoto, kwa sababu zimetengenezewa kushoto na kulia.

Sauti inayopasuka

Hii nitaipitia haraka. Kama sauti ni kubwa lakini inakoroma na kupasuka, angalia kama mmechomeka kwenye tundu la MIC badala ya LINE, au kama kuna swichi ndogo ya kuchagua kati ya hayo mawili. Maikrofoni hutoa sehemu elfu chache tu za volti moja, na tundu lake limetengenezwa kukuza mnong'ono huo. Kompyuta hutoa mamia ya mara zaidi. Ni kama kupiga kelele kwenye sikio la mtu aliyelitega asikie mnong'ono. Hamisheni kwenye LINE, kompyuta iwe kama robo tatu ya sauti yake, halafu muongeze spika polepole.

Kompyuta iwashwe kwanza na spika mwisho. Mkizima, spika ianze. Ule mlio wa "bwap!" unaotokea mkifanya kinyume si mzuri kwa spika wala kwa watoto wachanga.

Mngurumo, na mguu wa tatu wa plagi

Hapa naomba tusome polepole, kwa maana sasa tunaongea juu ya uhai wa mtu.

Stima yetu Kenya ni volti 240 na inageuka mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana mngurumo wa spika una sauti ile nzito inayofanana kila mahali. Mara nyingi unatokea hivi: kompyuta imechomekwa soketi moja na chaja yake ina waya wa ardhi, spika imechomekwa soketi ya ukuta wa pili nayo ina waya wa ardhi, halafu mmeviunganisha kwa waya wa sauti. Sasa kuna duara la chuma, kutoka kompyuta kwenda spika, kwenda ukutani, na kurudi kwenye kompyuta. Stima kidogo inazunguka kwenye duara hilo, na spika inaikuza mnaisikia.

Kumjua adui ni rahisi. Chomoa chaja, kompyuta ifanye kazi kwa betri. Mngurumo ukinyamaza, umepita kwenye chaja. Mnaweza kufundisha kwa betri kama inatosha, mkachaji wakati wa chai. Au chomekeni chaja na spika kwenye ekstensheni moja, mara nyingi mngurumo hupungua sana. Au nunueni kile kiboksi kidogo kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, chenye transfoma ndani: sauti inavuka kwa sumaku, lakini chuma na chuma havigusani, kwa hiyo duara limekatika. Msilaze waya wa sauti sambamba na waya wa stima sakafuni. Vikipishana, vipishane kama msalaba. Waya mwembamba wa kawaida usizidi mita chache. Mkitaka kufika nyuma ya ukumbi, tumieni miksa au kiboksi cha DI na waya wa pini tatu kama wa maikrofoni. Na wale wanaotumia sola, inveta za bei nafuu hutoa stima yenye ngazi ngazi badala ya wimbi laini, nayo husikika kwenye spika kama nyuki. Hilo si kosa la spika.

Lakini kuna dawa nyingine inayotembea vijijini, na nasikitika kuiona hata kwenye kumbi za watu wenye elimu. Fundi anakata ule waya wa kijani na njano ndani ya plagi, au anavunja mguu wa tatu, mngurumo unanyamaza, watu wanapiga makofi. Ni kweli duara limekatika. Limekatwa mahali pabaya kuliko pote.

Waya wa ardhi una kazi moja. Ikitokea waya wa moto umelegea ndani ya spika na kugusa chuma chake, stima inakimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi inakatika au swichi kuu inaruka, na mambo yanakwisha. Mkiukata, chuma hicho kinabaki na volti 240, kimenyamaza, kinangoja mkono. Tena ule waya wa sauti unaweza kuzichukua volti hizo mpaka kwenye kompyuta, kwenye miksa, na kwenye maikrofoni ya chuma iliyo mkononi mwa mama aliyesimama pekupeku juu ya saruji iliyopigwa maji asubuhi. Hakuna mngurumo wenye thamani hiyo. Kama hamna pesa ya kiboksi, fundisheni na mngurumo wake.

Jirani wa tabia hiyo ni ile ya kusukuma kalamu ya biki kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Sote tumeiona. Mguu ule mrefu unaingia wa kwanza na kufungua milango midogo inayoziba matundu ya moto. Ukiifungua kwa kalamu, umemwondoa mlinzi. Adapta ni bei ndogo, nunueni. Vipo vifaa vilivyotengenezwa tangu kiwandani bila waya wa ardhi, vyenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, na plagi zao huwa na mguu wa tatu wa plastiki. Hivyo ni salama jinsi vilivyo. Kile kilichokuja na waya wa ardhi ndicho hakiruhusiwi kunyang'anywa.

Na kama mngurumo hauondoki hata mkichomoa nyaya zote za sauti, au ukigusa chuma cha spika unahisi kamtetemo kwenye vidole, zimeni swichi kuu hapo hapo. Huenda ukumbi wenyewe hauna ardhi. Mwiteni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na mumwombe awaonyeshe hiyo leseni kabla hajapanda ngazi. Huyo ndiye anayestahili pesa za chama.

Zoezi la kikundi

Mkutane watu sita hivi pamoja na kompyuta na spika yenu, siku isiyo na semina. Mmoja abaki ndani na kuharibu jambo moja kwa siri: azime sauti kwenye programu ya video, achomeke pini nusu, achague njia ya projekta, au aongeze kitufe cha tundu lisilotumika. Asiguse upande wa stima. Wengine waingie watafute, na kila anayetaka kugusa kitu aseme kwanza anategemea kusikia nini. Karani aandike hatua zote kwenye daftari litakalokaa pamoja na spika. Mkichoka, mjadiliane haya:

Je, ni nani katika kikundi chenu anayeruhusiwa kusema kwamba kifaa kimeharibika, na anatakiwa awe amejaribu nini kabla ya kusema hivyo?

Je, plagi ya spika yenu ikifunguliwa leo, waya wa kijani na njano upo mahali pake? Na soketi za ukumbi wenu, ni nani aliyezipima mara ya mwisho?